Kesi inapanda mpaka wapi? Habari ya mahakama ya juu ya inchi yetu, toka Brussels mpaka Kinshasa



Katika mikutano yetu juu ya mashamba kuna neno moja linalorudi kila mara. Mtu ametoka ukimbizini, anakuta shamba lake linalimwa na mwengine, anashitaki, anashindwa, kisha anasimama katikati ya wenzake na kusema: «Hii kesi ntaipandisha mpaka kule yulu kabisa, ku Kinshasa!» Wengine wanapiga makofi, wengine wanacheka. Sasa jambo limepita kicheko. Katika mkutano mkuu unaokuja tutapiga kura: je, mfuko wetu wa kusaidiana ulipe avoka kwa memba anayetaka kufikisha kesi yake huko juu, ao pesa zibaki kwa mambo tuliyozoea, yaani matibabu, mbegu na kilio? Kamati imeona ni vizuri, mbele ya kura, tujue kwanza huko «juu kabisa» ni wapi, ni nani aliyepajenga, na watu wa kwetu walipataje kufika huko ao kukosa kufika.

Tuanze na hili: mahakama ya juu ya kwanza ya Kongo haikuwa Kongo. Wakati inchi hii ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II, ikiitwa Dola Huru la Kongo, tribinale ziliwekwa Boma, karibu na bahari, moja ya kusikiliza kesi na moja ya rufaa. Kisha kwa dekreti ya tarehe 16 Aprili 1889 Mfalme akaweka juu yao baraza lililoitwa Conseil supérieur. Baraza hilo lilikaa Brussels. Hukumu ya Boma ilipovuka bahari kwa meli, wanasheria waliokaa Ulaya ndio waliosema neno la mwisho juu ya jambo lililotendeka hapa.

Kesi moja iliyopanda mpaka kwao ilitoka upande wetu wa mashariki, na inafaa tuielezee kirefu, kwa sababu inaonyesha mahakama ile iliwekwa kwa ajili ya nani.

Charles Stokes alikuwa Mwairlandi. Alikuja Afrika ya mashariki kama mumisionari, kisha akaacha misioni akashika biashara. Misafara yake ilitoka pwani, ikipakia vitambaa na bunduki, ikirudi na pembe za ndovu. Wapagazi wake walisema Kiswahili hiki hiki tunachoandika. Mwaka 1894 Dola la Leopold lilikuwa likimalizia vita yake na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wakitawala Maniema na ng'ambo ya mto. Afisa Mbelgiji, Hubert Lothaire, alisikia kwamba Stokes anawauzia maadui bunduki. Stokes akakamatwa, akapelekwa mahali paitwapo Lindi, upande wa Ituri, akahukumiwa haraka na korti ya vita, na Januari 1895 akanyongwa. Hakupewa nafasi ya rufaa.

Kama Stokes angekuwa mtu mweusi, habari ingeishia pale. Lakini alikuwa raia wa Uingereza, na biashara yake ilikuwa katika eneo la Wajerumani. Magazeti ya Ulaya yakapiga kelele. Dola la Leopold likalipa Uingereza faranga 150.000 na Ujerumani faranga 100.000. Lothaire akapelekwa mbele ya tribinale ya Boma, ambayo mwaka 1896 ilimwachilia. Kesi ikapanda mpaka Conseil supérieur kule Brussels, nayo mnamo Agosti 1896 ikamwachilia vilevile. Akarudi huru.

Lakini kuna mtu mwingine katika habari hii. Mwanzoni mwa Januari ileile Lothaire alikuwa amemuua Kibonge, mkubwa wa wafanyabiashara wa Kiswahili wa Kirundu. Kibonge hakuwa malaika, tusimpake mafuta: alihesabiwa kuwa ndiye aliyeamuru kuuawa kwa Emin Pasha. Lakini wote wawili waliuawa na mkono uleule, katika mwezi uleule. Kwa mmoja, meli zilisafiri, mazuzi walikaa mara mbili, pesa zikalipwa. Kwa mwengine, risasi na basi.

Mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua Kongo kutoka kwa Mfalme. Ngazi ya juu ilibaki Brussels. Sheria ya tarehe 15 Aprili 1924 ilikabidhi kazi kwa Cour de cassation ya Ubelgiji yenyewe, katika mambo ya madeni, mali na biashara. Kwa Wazungu na kampuni zao, basi, njia ilikuwa wazi: tribinale ya hapa, korti ya rufaa ya Léopoldville ao ya Élisabethville, halafu Brussels.

Na baba zetu je? Kwao walijengewa ngazi nyingine. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipanga tribinale za wenyeji: tribinale ya sheferi, tribinale ya sekteri, tribinale ya sentre kwa wale wa mijini, na juu yao tribinale ya teritwari. Zilihukumu kwa desturi, na kwa kweli desturi ilijua mambo ambayo Muzungu hakuyajua. Mtu wa Buhavu aliyetoa ng'ombe wa kalinzi kwa mkubwa wake, mashahidi wakiwapo, hakuhitaji karatasi kuonyesha kwamba shamba ni lake na la watoto wake. Wazee waliokaa kusikiliza walikuwa wamekula ile nyama. Hatutaki kuzisema vibaya tribinale zile kwa jumla. Zilikuwa karibu, ziliongea lugha ya watu, na kesi ilimalizika mbele ya mavuno.

Shida ilikuwa kule juu ya ngazi. Nani aliketi kwenye tribinale ya teritwari? Muzungu mkubwa wa teritwari, administratere, yuleyule aliyekusanya kodi, aliyelazimisha watu kulima na kutengeneza barabara. Mwenye kesi naye alipanda, anapanda, halafu anamkuta pale juu mtu aliyemtuma polisi kumfunga wiki iliyopita. Parke iliweza kuvunja hukumu iliyotolewa kinyume cha utaratibu, lakini njia ya kwenda Brussels haikuwepo kwa tribinale hizo. Tena Batembo wanalo neno la kuongeza hapa: wakubwa wao waliwekwa na serikali ya kikoloni chini ya sheferi ya Buhavu. Kwa hiyo Mtembo aliyekuwa na ugomvi na uamuzi ule ule wa kumweka chini ya mwengine alilazimika kuupeleka kwa wale wale walioukata. Mambo ya Bunyakiri kuomba kuwa teritwari yake mwenyewe, tunayoyasikia mpaka leo, yana mzizi wake mmoja pale.

Basi inchi moja, ngazi mbili. Moja ilifika Ulaya, nyingine iliishia kwenye baraza la administratere.

Tufike mwaka 1960. Tarehe 19 Mei, wiki sita tu mbele ya uhuru, Bunge la Ubelgiji lilipitisha Loi fondamentale, sheria ya msingi ya inchi mpya. Ndani yake kuliandikwa kwamba Kongo itakuwa na Korti ya Katiba, yenye kuamua kama sheria inafuata katiba na kupatanisha wakubwa wa serikali wanapogombania madaraka. Katika maandishi ilikuwa nzuri sana. Lakini mahakama haijengwi kwa wino. Mahakimu wa kazi katika tribinale kubwa walikuwa Wabelgiji, na Mkongo mwenye diplome ya juu ya sheria hakupatikana. Waliokuwa wakisoma walikuwa bado Ulaya kwenye viti vya shule. Kwa hiyo waliandika kwamba, kwa muda, Conseil d'État ya Ubelgiji itashika kazi ya korti ile.

Kwa muda! Wasomaji wetu waliokaa miaka kumi katika kambi «ya muda» wanajua neno hili lina uzito gani.

Haikuchukua hata wiki tatu. Jeshi liliasi, Wabelgiji walileta askari, Katanga ikajitenga, na tarehe 14 Julai 1960 Kongo ilikata urafiki na Ubelgiji. Sasa ni nani angebeba ugomvi wa wakubwa wa Kongo kwenda kuuamua Brussels? Mahakama ya Kongo haikuwapo, na ile ya kuazima haikufaa tena.

Halafu ikaja tarehe 5 Septemba. Usiku, Raisi Kasavubu alisema kwenye redio kwamba amemtoa Waziri wa Kwanza Lumumba. Alisimama juu ya kifungu cha 22 cha Loi fondamentale, kilichosema kwamba mkuu wa inchi anateua na kuondoa Waziri wa Kwanza. Mawaziri wawili, Delvaux na Bomboko, waliweka sahihi zao. Lumumba naye akaenda kwenye redio, akasema yeye ndiye anamtoa Kasavubu. Tarehe 7 Baraza la Wawakilishi likasema wote wawili hawakutoka. Kesho yake Baraza la Wazee likampa Lumumba haki. Kila upande ulikuwa na kifungu chake mkononi. Kifungu cha 22 kinasema kweli hivi. Lakini serikali iliyopewa imani na Bunge, je, inaweza kufukuzwa kwa sauti ya redio tu? Hili ni swali la sheria kabisa, la aina ile ambayo mazuzi saba ao tisa waliokaa chumbani na vitabu vyao wanaweza kulijibu kwa siku chache, na anayeshindwa akaudhika lakini akaendelea kuishi.

Hapakuwa na chumba wala mazuzi. Siku tisa baadaye, tarehe 14 Septemba, Kanali Mobutu alisema anawalaza wote wawili mpaka mwisho wa mwaka, na akaweka vijana wasomi kutawala, Collège des commissaires. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Hatusemi kwamba korti ingemwokoa Lumumba. Waliomtaka afe walikuwa na nguvu kuliko karatasi, na baadhi yao hawakuwa Wakongo. Tunasema tu kwamba siku ile ya kwanza ambapo inchi ilihitaji mahakama yake ya juu, ilikuta kiti kitupu, na aliyekaa juu ya kiti kile alikuwa na bunduki. Sisi wa Kivu tulilipa deni la siku ile mara moja na nusu. Agosti 1964 Wasimba walifika mpaka ndani ya Bukavu wakapigana. Agosti 1967 mamluki wa Schramme waliikamata Bukavu, wakakaa humo karibu miezi mitatu, mji ukabaki magofu. Wazee wetu wengine walijifunza neno «mkimbizi» katika mwaka ule.

Kati ya vita hizo, wanasheria waliendelea kuandika. Januari 1964 tume ya katiba ilikutana Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga, na katiba yao ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1964. Ndani yake, tena, Korti ya Katiba, na pembeni yake Mahakama Kuu, Cour suprême de justice. Tena, kwa muda, kazi ilipewa mwengine: mara hii korti ya rufaa ya Léopoldville. Ni korti ile iliyosikiliza mashitaka ya uchaguzi wa wabunge wa 1965 na kuvunja matokeo katika sehemu fulani. Angalau hawa walikuwa ndani ya inchi. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka yote, na mwaka 1967, tarehe 24 Juni, katiba nyingine ikatoka. Korti ya Katiba ikaandikwa kwa mara ya tatu. Na kwa mara ya tatu haikufungua mlango.

Lakini Mahakama Kuu, yenyewe, ilifungua. Ordonansi-sheria ya tarehe 10 Julai 1968 ilipanga upya tribinale zote za inchi, na juu yao ikaweka Cour suprême de justice, ile ambayo watu wengi hapa wanaiita «Kuru Siprem». Agosti 1968 Mobutu alimteua Raisi wake wa kwanza: Marcel Lihau.

Huyu mtu tumjue. Alizaliwa Lisala, jimbo la Équateur, mwaka 1931. Alipita seminari, kisha akasaidiwa na mapadri Wajezuiti kufika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, wakati Mkongo kusoma sheria lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Alimaliza mwaka 1963, kati ya Wakongo wa kwanza kabisa. Hakuwa mgeni wa siasa: mwaka 1960, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa mmoja wa wale vijana wa Collège des commissaires, akishika mambo ya haki. Ndiyo, alipanda ndani ya gari la Mobutu mapema, na wale wanaompenda Lumumba hawatasahau. Kisha alikuwa katibu wa tume ya Luluabourg, na profesa Lovanium. Alipokaa kwenye kiti cha Raisi wa Mahakama Kuu hakuwa bado ametimiza miaka 37. Fikirini: toka dekreti ya Leopold ya 1889, miaka 79 ilipita mbele ya mahakama ya juu ya Kongo kukaa Kongo, chini ya mtoto wa Kongo.

Sasa mahakama ile ilifanya kazi gani? Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wamemba wengi wanapotea. Kupanda mpaka Kinshasa siyo kurudia kesi yako. Mahakama ya juu haiulizi ni nani aliyelima kwanza, wala mpaka wa shamba ulipita kwenye mti gani. Haiiti mashahidi. Inachukua hukumu iliyotolewa chini na kuuliza: je, sheria ilifuatwa? Mazuzi walieleza sababu zao? Mtu alisikilizwa? Kama sheria ilivunjwa, hukumu inavunjwa nayo, na kesi inarudishwa chini ihukumiwe upya na mazuzi wengine. Ndiyo maana ya neno kasasio: kuvunja. Kuna wamemba wanaofikiri Kinshasa kuna wazee wenye huruma zaidi. Hakuna habari ya huruma pale, kuna habari ya makaratasi.

Mahakama Kuu ilikuwa pia na sehemu ya utawala. Hiyo iliweza kuvunja uamuzi wa wakubwa wa Leta wenyewe, kama uamuzi umepita sheria. Na baada ya katiba kubadilishwa tarehe 15 Agosti 1974, Korti ya Katiba ilifutwa hata kwenye maandishi, kazi yake ikapewa Mahakama Kuu. Kwa hiyo nyumba moja ilibeba mizigo mitatu: kasasio, utawala, na katiba. Ilikuwa nguvu kubwa, kwenye karatasi. Lakini mabadiliko yale yale ya 1974 yalisema kwamba chama cha MPR ndicho kila kitu, na mahakama ikawa kiungo kimoja cha chama, pamoja na vingine, chini ya Raisi-Mwanzilishi. Zuzi akawa kama mtumishi wa chama aliyevaa kanzu nyekundu.

Lihau alijaribiwa hapo. Juni 1975 alifukuzwa, kwa sababu alikataa kutekeleza hukumu kali juu ya wanafunzi walioandamana. Miaka saba ya kazi, na mwisho wake ni neno «hapana» moja. Mwaka 1982 alikuwa kati ya waanzilishi wa UDPS, akafungwa, akatupwa kijijini kwao; mwaka 1985 akakimbilia Marekani, akafundisha Harvard, akarudi mwaka 1990, na kufa Boston mwaka 1999. Raisi wa kwanza wa mahakama ya juu ya inchi alikuwa mkimbizi. Tunaandika hili kwa wafadhili wanaofikiri mkimbizi ni mtu asiyejua kusoma.

Sasa angalieni tarehe. Lihau anatoka Juni 1975. Tarehe 22 Julai 1975, mwezi mmoja baadaye, ordonansi ya Raisi inapanua mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga ilianzishwa 1970 kule milimani. Kwa sahihi moja ikashuka mpaka mabondeni, ikafika hekta 600.000, ikaingia katika misitu na mashamba ya Kalehe, Shabunda na Walikale. Kati ya wamemba wetu wako ambao babu zao walikuwa na vijiji humo. Katika maandishi, ordonansi ya namna hiyo ingeweza kushitakiwa mbele ya sehemu ya utawala ya Mahakama Kuu. Mlango ulikuwapo, ulikuwa na miaka saba tu. Lakini ni mkulima gani wa Bunyakiri, mwaka 1975, angefika Kinshasa, akamlipa avoka, akashitaki sahihi ya Mobutu mbele ya mazuzi ambao mkubwa wao amefukuzwa juzi kwa kukataa?

Yaliyofuata tutayapita haraka. Machi 1982 kode mpya ilitoka, na sheria ya utaratibu mbele ya Mahakama Kuu. Kode ile ilitaka tribinale za amani zichukue nafasi ya zile za desturi, lakini ikaongeza kwamba pale zisipowekwa bado, za desturi zinaendelea. Novemba 2006 Mahakama Kuu ilisikiliza mashitaka ya Bemba juu ya ushindi wa Kabila. Tarehe 21 vijana walichoma sehemu ya jengo lake, na tarehe 27 ikatangaza kwamba Kabila ameshinda. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilikuwa tayari imeamua kuipasua mara tatu: Korti ya Katiba, Cour de cassation, na Conseil d'État. Mara hii waliandika tena kwamba, kwa muda, ile ya zamani inaendelea. Mazuzi tisa wa Korti ya Katiba waliapa tarehe 4 Aprili 2015. Toka ahadi ya kwanza ya 1960 mpaka kiapo kile: miaka 55.

Turudi kwenye mashamba, maana kura itakuwa juu ya mashamba. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Kwa mashamba ya desturi, yaani karibu yote ya kwetu, kifungu cha 389 kilisema haki za watu zitapangwa na ordonansi ya Raisi. Ordonansi ile haikutoka. Lihau alikuwa bado kwenye kiti siku ile. Raisi wangapi wamepita, na bado tunaingoja. Kwa hiyo mwenye kalinzi anasimama mbele ya zuzi na haki ambayo sheria inaitaja lakini haikuimaliza. Upande wa pili, mwenye pesa aliyepata setifika ya ardhi anakingwa: miaka miwili ikipita, setifika haivunjwi tena, unaweza kudai malipo tu. Miaka miwili! Sisi wengine vita ilituweka nje miaka mitano, kumi. Aliyebaki, ao aliyekuja, alikuwa na muda wa kutosha kwenda kwenye ofisi.

Ngazi ya leo ni hii. Kesi ya shamba la desturi inaanza kwenye tribinale ya amani, ao ya sheferi pale ambapo ya amani haipo. Rufaa inaenda kwenye tribinale kubwa, ile ya grande instance. Kesi ya shamba lenye setifika inaanza kwenye tribinale kubwa hiyo na kupanda mpaka korti ya rufaa Bukavu. Toka hapo, kwa zote mbili, ni Cour de cassation, Kinshasa. Muda ni miezi mitatu toka siku ulipopelekewa hukumu rasmi, na maombi lazima yasainiwe na avoka aliyekubaliwa mbele ya korti ile, siyo kila avoka. Toka hapa mpaka Bukavu ni kupitia katikati ya mbuga, kushuka Miti, kama barabara imekubali. Toka Bukavu mpaka Kinshasa barabara hakuna.

Memba mmoja wetu alikuwa na hoja nzuri ya sheria: alihukumiwa bila kuitwa. Ni kosa ambalo kasasio ingeliangalia. Alikuja kutuona kwenye mwezi wa tano baada ya kupokea hukumu, ikiwa imekunjwa mara nane ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya uchaguzi na risiti za shule. Alifikiri, kwa haki kabisa, kwamba karatasi yenye muhuri haiozi.

Kwa hiyo kamati italeta mapendekezo mawili kwenye mkutano mkuu. La kwanza ni mfuko ulipe avoka wa kasasio, kwa kesi ambayo wanasheria wa Bukavu wameisoma na kusema ina hoja ya sheria. La pili ni dogo, na sisi tunaloandika tunalipenda zaidi: mtu mmoja katika kila grupema akae na daftari, aandike kila hukumu ya memba, na siku aliyoipokea. Leteni hukumu zenu zote, mlizoshinda na mlizoshindwa, ofisini Bulambika mbele ya mkutano. Leteni na bahasha iliyozibeba, kama mnayo bado, kwa sababu tarehe mara nyingine iko pale tu.